GL-4, GL-5 na ile "tisini": oili ya giaboksi na difu, na namna ya kuibadilisha nyumbani

Ukienda duka la vipuri kuomba oili ya gia, mara nyingi utaulizwa swali moja tu: "Tisini au mia na arobaini?" Ukijibu tisini unapewa kopo, unalipa, unaondoka. Hakuna aliyekuuliza kama oili hiyo inakwenda kwenye giaboksi au kwenye difu, na yale maandishi madogo ya nyuma ya kopo, GL-4 na GL-5, hayasomwi na muuzaji wala mnunuzi. Mkanganyiko unaanzia hapo. Tisini inaeleza uzito wa oili peke yake. Kinachoamua kama gia zako bado zitaingia kwa ulaini baada ya mwaka ni hiyo GL.

Tunazungumzia hapa magari ya gia za mkono yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, au yote manne: Hilux, Hiace, Land Cruiser za kazi, pikapu za Isuzu na Nissan, hata kirikuu. Mfano wetu mkuu ni pikapu ya Toyota, kwa kuwa zimejaa barabarani na nati zake nyingi za oili hufunguka kwa spana moja ya 24.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Giaboksi ni kasha lililo nyuma ya injini ambamo gia hubadilishwa. Kutoka hapo mzunguko unasafiri kwa propela shafti hadi kwenye difu, lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma. Difu lina kazi mbili: kuugeuza mzunguko uelekee magurudumuni, na kuliacha gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Gari la magurudumu yote manne lina kasha la tatu, transfa, lililoshikana na giaboksi kwa nyuma lakini, kwenye Toyota nyingi, lenye oili yake na nati zake. Lina pia difu la mbele.

Mwenye Vitz au Probox ya kuvuta mbele asijisumbue kutafuta difu nyuma, hatalikuta. Kwenye magari hayo difu limo ndani ya giaboksi na vyote vinatumia oili moja.

Ile tisini inapima nini

Namba kama 90, 75W-90, 80W-90 au 85W-140 zinatoka kwenye majedwali ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, na zinapima jinsi oili inavyotiririka. Wengi huzilinganisha na namba za oili ya injini, tuseme 15W-40, kisha wanasema oili ya gia ni nzito zaidi ya mara mbili. Si kweli. Injini ina jedwali lake na gia zina jedwali lao. Kwenye joto la nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya gia ya 90 ina uzito unaokaribiana na wa oili ya injini ya 40 au 50. Ni sawa na saa mbili asubuhi ya mdomoni na 8:00 ya kwenye simu: namba mbili, wakati mmoja.

Namba yenye W inahusu baridi. Oili ya 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Kwetu hakuna anayeegesha gari kwenye baridi ya namna hiyo, lakini mpangilio wenyewe una maana. Asubuhi ya Julai kule Njombe au Limuru, gari lenye 75W-90 litaingiza gia ya pili bila ubishi wakati lenye oili nzito bado linagoma mpaka litembee kilomita mbili tatu. Dar es Salaam au Mombasa tofauti hiyo ni ndogo mno kuisikia mkononi.

Na ile 140? Imekusudiwa zaidi difu za malori na mitambo inayobeba mzigo mzito kwenye joto. Kuitia kwenye giaboksi ya pikapu kwa hoja kwamba "huku kwetu kuna joto" ni kujitafutia gia ngumu. Kwenye difu la pikapu inayobeba tani kila siku inaweza kukubalika, ila kwa sharti kwamba kitabu cha gari kinairuhusu. Kwa difu nyingi za Toyota kitabu kinasema 90, basi.

GL-5 haijaipita darasa GL-4

Herufi GL na namba yake ni mgawanyo wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. Watu huzisoma kama madarasa ya shule: aliye la tano amemzidi wa la nne, kwa hiyo GL-5 ni bora na unaweza kuitia popote. Hii ndiyo dhana iliyoharibu giaboksi nyingi, na haina budi kueleweka kwa kuangalia meno yenyewe.

Anza na difu. Ndani yake kuna pinioni, gia ndogo iliyo mwisho wa propela shafti, inayozungusha krauni, ile gia kubwa ya duara. Katika difu za magari mengi ya namna hii, pinioni haikai usawa wa kitovu cha krauni. Imeshushwa chini kidogo, jambo linalosaidia propela shafti ipite chini zaidi na meno yawe makubwa na imara. Gharama yake ni kwamba jino la pinioni halibingiriki tu juu ya jino la krauni. Linaburuzika pia kwa urefu wake, likiwa limebeba mzigo wote wa gari. Kuburuzika huko kunaifuta oili iliyo kati ya meno. Oili ya kawaida ikifutwa, chuma kinagusa chuma, kinapata moto na kuchunana.

GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya mburuzo huo. Ina viungo vya salfa na fosforasi ambavyo, chuma kinapopata moto pale kwenye mgusano, hushikamana nacho na kutengeneza utando mwembamba. Utando huo ndio unaolika badala ya jino. Ile harufu ya mayai viza unapofungua difu la zamani inatokana na salfa hiyo. Kiasi cha viungo hivyo kwenye GL-5 ni takriban mara mbili ya kile cha GL-4.

Sasa ingia kwenye giaboksi. Meno ya humo hubingirika zaidi kuliko kuburuzika, hivyo hayahitaji dawa kali. Lakini humo mna kitu ambacho difu halina: pete za sinkronaiza, ambazo kwenye giaboksi nyingi ni za shaba ya rangi ya njano. Unaposogeza mkono wa gia, pete hubana kwenye koni ya gia unayoitaka na kusawazisha kasi kabla meno hayajaingiana. Ili ibane inahitaji msuguano. Oili yenye viungo vingi vya kuteleza huinyima, nawe unasikia gia "ikilia", hasa ya pili na ya tatu. Juu ya hapo, salfa ya GL-5 ikipata joto inaweza kuila shaba taratibu. Huoni kitu mwezi wa kwanza wala wa sita. Unakuja kuona pete zimelika, na kuzibadilisha ni kushusha giaboksi nzima.

Kosa la upande wa pili, GL-4 kwenye difu, halina subira hiyo. Panda mlima na mzigo mara kadhaa na meno ya pinioni yataanza kuonyesha michubuko.

Kisha linakuja jambo linalowachanganya hata mafundi. Vitabu vya Toyota kadhaa vinasema giaboksi itumie "GL-4 au GL-5". Hakuna mgongano: mtengenezaji wa giaboksi hiyo ameijaribu kwa zote mbili na ameridhika na pete zake. Ruhusa hiyo ni ya giaboksi hiyo peke yake. Usiihamishie kwenye gari la jirani. Yapo pia makopo yaliyoandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja. Yanafaa kwa difu, na kwa giaboksi ambayo kitabu chake kinakubali zote mbili. Kitabu kikisema GL-4 tu, tafuta kopo la GL-4 tupu, hata kama itabidi uzunguke maduka matatu.

Na kuna giaboksi zisizotaka oili ya gia kabisa. Baadhi ya Isuzu zimeandikiwa oili ya injini. Honda ina oili yake maalumu ya giaboksi za mkono. Nyingine hutumia oili ileile ya giaboksi za otomatiki. Kuzitia "tisini" kwa mazoea kunazifanya gia kuwa ngumu kama za trekta, na mwenye gari huishia kulaumu klachi.

Difu lenye plati za kuzuia gurudumu moja kuteleza, linalojulikana kama LSD, linahitaji GL-5 iliyoandikwa LSD, au kichupa cha kiungo cha kuongezea. Ukitia GL-5 ya kawaida, plati zitakwama na kuachia, na gari litatetemeka nyuma linapokata kona kali. Kulitambua, inua magurudumu yote mawili ya nyuma juu ya stendi, weka gia huru, zuia ya mbele kwa magogo, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, difu ni la kawaida. Likifuata upande uleule, huenda ni LSD. Tafuta kibandiko au maandishi kwenye kasha la difu kabla ya kununua oili.

Ibadilishwe lini

Oili ya gia haichomwi na moto kama ya injini, haipati masizi, na ndiyo sababu watu husema "ile haibadilishwi, inaongezwa tu". Lakini inakusanya unga wa chuma kutoka kwenye meno na beringi, viungo vyake vinaisha, na maji yanaweza kuingia. Kwenye giaboksi na difu hakuna filta ya oili kama ya injini. Unga uliomo humo utazunguka humo mpaka uumwage.

Kati ya kilomita 40,000 na 80,000 ni kipimo kinachotosha kwa matumizi ya kawaida. Gari la mizigo, la kuvuta trela au la barabara za vumbi na mashimo, fuata ile ndogo. Difu lililozama kwenye maji ya mafuriko au kivuko cha mto halina cha kilomita: lifungue wiki hiyohiyo.

Mnunuzi wa gari la mtumba asiyejua historia yake aanze na kazi hii. Ni lita chache na mchana mmoja.

Vitu vya kuwa navyo

Pikapu nyingi za Toyota zinahitaji boksi ya milimita 24 yenye pembe sita, na mkono mrefu wa kuizungushia. Baadhi ya difu, hasa za modeli za karibuni, zina nati ya chini ya tundu la pembe sita inayotaka ufunguo wa milimita 10. Magari mengine yana tundu la mraba la nusu inchi ambalo mkono wa boksi unaingia wenyewe bila kichwa. Angalia kabla hujaenda kuazima vifaa. Spana malaya iache kwenye sanduku. Nati hizi zimekaa miaka, zina kutu na tope, na taya za spana malaya zikiteleza mara moja tu zinazivunja pembe; kuanzia hapo unahitaji mtu wa kuchomelea.

Washa mpya (pete bapa za kuzibia) za nati zote, mbili za giaboksi na mbili za difu. Kwenye Toyota ni za alumini laini, hubonyea zinapokazwa ili kuziba, na ikishabonyea haibonyei vizuri mara ya pili. Ni vitu vya bei ndogo sana ambavyo watu huviruka, kisha wanashangaa tone la oili sakafuni. Kuna magari ambayo nati zake zina umbo la kuchongoka na hazitumii washa. Hizo hupakwa gundi ya kuzibia kwenye nyuzi.

Oili nunua kwenye makopo yenye sili isiyoguswa na alama ya TBS au KEBS, si ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, kwa sababu kwenye pipa huwezi kujua GL. Giaboksi ya pikapu huchukua kati ya lita 2 na 4 kutegemea modeli, na difu la nyuma kati ya lita 2 na 3 hivi. Kitabu kitakupa namba kamili. Ongeza nusu lita ya akiba.

Nyingine: beseni la kukingia la lita tano au zaidi, brashi ya waya, matambara, glovu, miwani, na njia ya kuipandisha oili mpya. Pampu ya mkono ya kufyonza ndiyo rahisi. Bila pampu, chukua mpira mwembamba wa mita mbili wenye faneli juu, uupitishe kutoka kwenye injini au ubavuni mwa gari, mtu mmoja amimine juu na wewe uushike chini. Polepole, lakini inafanya kazi.

Kazi yenyewe

Endesha gari dakika kumi na tano ili oili ipate uvuguvugu. Baridi haitoki yote, na unga wa chuma unabaki umelala chini. Ya moto sana inaunguza.

Egesha mahali tambarare kabisa. Kimo cha oili hupimwa kwa usawa wa tundu la kujazia, kwa hiyo gari lililoinama mbele au nyuma linakupa kipimo cha uongo. Uzuri wa pikapu na Land Cruiser ni kwamba ziko juu, na wengi wanaingia chini bila kuinua chochote. Ikilazimu kuinua, inua pande zote nne kwa usawa na uweke stendi. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Kumbuka pia kwamba breki ya mkono kwenye magari haya huwa inashika magurudumu ya nyuma. Ukishayainua hayo, breki ya mkono haizuii kitu, magogo ndiyo yanayozuia.

Sasa kanuni ambayo ukiisahau utalala na gari barazani: fungua nati ya kujazia kwanza, kabla ya kugusa ya kumwagia. Kwenye difu, nati ya kujazia iko katikati ya kasha au juu kidogo, ya kumwagia iko chini kabisa. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma, una difu tupu na huna pa kujazia, na gari haliwezi hata kwenda kwa fundi. Ya juu ikigoma wakati oili bado imo, hujapoteza kitu. Unaendesha gari hadi gereji.

Nati ikiwa ngumu, isugue kwa brashi ya waya, ondoa tope lote kwenye ukingo, nyunyizia dawa ya kutu na uiache nusu saa. Hakikisha boksi imekaa mpaka mwisho, kisha vuta kwa mkono mrefu, kwa nguvu ya polepole. Usipige mateke.

Kwenye giaboksi kuwa makini zaidi kuliko kwenye difu, maana ubavuni mwake kuna vitu vingine vinavyofanana na nati ya oili. Kimojawapo ni swichi ya taa za rivasi, utaijua kwa waya wake. Vingine ni vifuniko vidogo vya springi na gololi zinazoshikilia gia mahali pake. Ukikifungua kifuniko cha namna hiyo springi inaruka nje na gololi inaweza kupotea. Nati ya oili ni kubwa, na ile ya kujazia iko ubavuni. Kwenye gari la magurudumu manne, nati mbili zilizo nyuma zaidi huwa ni za transfa. Wengi wamemwaga transfa wakidhani wamemwaga giaboksi, kisha wakaijaza giaboksi ambayo ilikuwa imejaa tayari.

Weka beseni, legeza nati ya chini, na mizunguko ya mwisho ifungue kwa vidole huku ukiisukuma juu ili isiingie besenini. Oili itaruka mbali mwanzoni, beseni lisogee nayo. Iache itone dakika ishirini.

Wakati inatona, angalia sumaku. Nati nyingi za kumwagia zina sumaku kwenye ncha. Itakuwa imevaa ute wa kijivu. Chukua kidogo, sugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa laini kabisa, huo ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Ukihisi punje kama za mchanga, beringi au meno yameanza kuchakaa kupita kiasi. Ukikuta kipande chenye umbo, pembe ya jino au ganda la chuma, usijaze oili mpya ukitumaini. Difu au giaboksi hiyo inatakiwa kufunguliwa. Kwenye oili ya giaboksi angalia pia vumbi linalong'aa rangi ya dhahabu juani. Hizo ni pete za shaba, na zikiwa nyingi umepata maelezo ya gia kulia.

Weusi peke yake si ugonjwa. Oili ya difu huwa nyeusi mapema, bado ikiwa na kazi. Rangi ya kuogopa ni ya chai ya maziwa: hayo ni maji.

Futa sumaku, safisha nyuzi na uso ambao washa inakalia, weka washa mpya, rudisha nati ya chini. Kwa modeli nyingi za Toyota, kipimo cha kukaza ni Nm (nyutoni-mita) 37 kwenye giaboksi na Nm 49 kwenye difu. Ukiwa huna spana ya kipimo, Nm 37 ni sawa na kukandamiza kwa uzito wa kilo 12 na nusu hivi mwishoni mwa mkono wa sentimita 30, na Nm 49 ni kama kilo 16 na nusu. Ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kasha la giaboksi ni la alumini, na anayekaza kwa mkono wa mita moja "ili isivuje" huishia kung'oa nyuzi.

Jaza taratibu kupitia tundu la juu mpaka oili ianze kuchuruzika nje. Simama, subiri dakika tano itulie, ongeza tena mpaka ichuruzike. Ikishakuwa tone tone, kimo ni kamili. Ukitia kidole tunduni, oili inatakiwa iwe kwenye mdomo wa chini wa tundu au isizidi milimita 5 chini yake. Funga kwa washa mpya, futa kasha lote likauke ili kesho ujue kama kuna uvujaji.

Wapo wanaoinua upande mmoja wa gari ili "ikubali zaidi". Oili iliyozidi inapigwa na gia, inatoa povu, inapata joto, na inatafuta pa kutokea. Kwenye difu inatokea kwenye sili za ekseli na kulowesha breki za nyuma. Kwenye giaboksi inatokea kwenye sili ya mbele na kufika kwenye plati ya klachi. Ikipungua nayo ni balaa: beringi ya mbele ya pinioni hutegemea oili inayorushwa na krauni, na huwa miongoni mwa za kwanza kukauka.

Kitu kidogo kinachoitwa breza

Juu ya ekseli ya nyuma kuna kifaa kidogo chenye kofia, kikubwa kama ncha ya kidole. Wengi wamemiliki gari miaka kumi bila kukiona. Difu likipata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutokea hapo. Tope likiziba breza, mgandamizo unaongezeka na kusukuma oili kwenye sili. Fundi anabadilisha sili, mwezi wa pili inavuja tena, anabadilisha nyingine, na hakuna aliyepanda juu kuangalia breza.

Kisa cha maji ni kinyume chake. Umetoka safari ya lami ya kilomita mia, difu ni la moto, unaingia kwenye mto au kwenye barabara iliyofurika masika. Maji yanalipoza ghafla, hewa ya ndani inanywea na kuvuta kilicho karibu. Kama breza imezama, maji yanaingia kupitia hapo au kwenye midomo ya sili. Ndiyo maana magari ya porini hufungiwa mpira mrefu kutoka kwenye breza hadi juu ya chesisi. Kazi hiyo ni ya mchana huohuo unaobadilisha oili, na mpira unaopatikana duka lolote la vipuri unatosha.

Ukikuta oili ya chai ya maziwa, badilisho moja halitoshi. Jaza GL-5 ya bei nafuu, endesha kilomita ishirini au thelathini, imwage ikiwa vuguvugu. Ikitoka bado na ukungu rudia. Oili nzuri iwe ya mwisho.

Ya mitaani

Grisi, unga wa mbao, maganda ya ndizi: vyote vimetajwa kama dawa ya difu linalolia. Vinapunguza sauti kweli, siku kadhaa, kwa sababu vinajaza nafasi kati ya meno yaliyolika. Kisha vinaziba njia ya oili kwenda kwenye beringi. Aliyevumbua hiyo alikuwa anauza gari, si anayelibakiza. Ukifungua difu la gari unalotaka kununua ukakuta nyuzinyuzi au mabonge, mrudishie mwenyewe ufunguo.

Oili mpya pia haiponyi mlio uliokwisha kuanza. Difu linalolia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia limechakaa meno au mpangilio wa pinioni umeachia. Na sili ya pinioni ikivuja, usijaribu kuibadilisha mwenyewe kwa kufungua ile nati kubwa ya mbele. Kukazwa kwake ndiko kunakopanga mbano wa beringi, na inahitaji fundi mwenye kipimo.

Oili chafu irudishe kwenye makopo matupu, isichanganywe na maji wala oili ya breki, uipeleke gereji inayokusanya au kuuza oili chakavu. Kuipaka nguzo za uzio ili kuzuia mchwa ni desturi ya siku nyingi, lakini mvua ikinyesha inashuka ardhini, na kama kisima kiko karibu jibu unalo.

Baada ya kilomita mia mbili hivi ingia chini tena na tochi. Pitisha kidole chini ya kila nati. Pakiwa pakavu, andika kilomita na aina ya oili kwenye kibandiko ndani ya mlango wa dereva. Pakiwa na unyevu, kaza kidogo kwanza. Unyevu ukiendelea, washa imekaa upande au uso wake haukusafishwa vizuri.